Nani aligundua kupima mimba? Historia yenye wakimbizi ndani yake

Mama yangu hakujua kama ana mimba yangu hadi nilipoanza kucheza tumboni. Ilikuwa mwezi wa 4, mwaka 2002, Goma, nyumba yetu ikiwa imezungukwa na mawe meusi ya volkano ambayo yalikuwa bado hayajaota hata jani. Mpaka siku hiyo alikuwa anajitibu malaria.

Nikihesabu nyuma, naona dalili zote zilikuwapo. Siku zake zilipaswa kuja wiki ya kwanza ya mwezi wa 1. Hazikuja. Tarehe 17, siku ya Alhamisi, Nyiragongo ilipasuka, moto ukashuka ukapita katikati ya mji hadi ziwani, na watu laki kadhaa wakavuka mpaka kuja hapa Gisenyi kwa mguu. Mama alivuka na watoto wawili, godoro moja na bidoni ya maji. Wakalala nje usiku tatu. Alitapika asubuhi, akatapika mchana. Wamama waliokuwa naye walisema ni hewa mbaya, mazuku, ile inayotoka ardhini kwetu na kuua mbuzi mabondeni. Yeye akaamini. Nani hangeamini? Mbingu ilikuwa nyekundu na kila mtu anakohoa.

Waliporudi Goma kutapika hakukuisha. Akanunua dawa za malaria duka la dawa, akazimaliza. Akanunua tena. Leo akihadithia anacheka: "Nilikuwa nawaza ni moshi ya volkano, kumbe ni weye."

Na mimi nilikuwa nacheka naye, miaka mingi. Niliacha kucheka mwaka jana.

Kazi yangu ni kuhamasisha vijana hapa kambi ya mpito ya Nkamira, wilaya ya Rubavu. Tulifika mwanzoni mwa mwaka 2023 kutoka Kitshanga, Masisi, ambako baba alikuwa ametuhamishia kulima. Kwenye kikundi chetu cha mpira na michezo ya kuigiza alikuwapo binti wa miaka 17. Jina lake sitalitaja, na yeye mwenyewe amekubali niandike bila jina. Alianza kuchoka. Akaacha mazoezi. Akasema chakula kinamnukia vibaya, hasa sambaza. Aliponiuliza nilimjibu kama mtu anayejua: "Hiyo ni malaria ama minyoo, nenda ukatafute vidonge." Akaenda. Mahali alipokwenda mara ya kwanza hawakumuuliza siku zake za mwisho ni lini. Walimpa vidonge vya minyoo, akarudi. Ilikuja kujulikana ana mimba ikiwa imefika mwezi wa sita. Damu yake ilikuwa kidogo sana, na mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, hana hata kilo mbili. Mtoto yupo, anatambaa, ana sauti kubwa. Lakini mimi najua tulikuwa karibu na nini. Na najua nani alimwambia ni malaria.

Kwa hiyo nilianza kusoma. Nilitaka kujua jambo dogo tu, yaani mimba inatambulikaje mapema. Nikajikuta nasoma historia, na ndani ya historia hiyo nikakuta watu kama sisi. Ndiyo maana naandika. Mama mmoja mzee jirani yetu aliponiona na daftari aliniambia, "Mtoto wangu, hiyo ni mambo ya bamama." Nilimjibu kwa heshima kwamba mimi pia nilitoka kwa mama, na kwamba ujinga wangu ulimgharimu mtoto wa mtu.

Ngano na shayiri

Binadamu wametafuta jibu kwenye mkojo tangu zamani sana. Huko Misri ya kale, kwenye maandishi ya miaka 1350 hivi kabla ya Kristo, mwanamke aliambiwa akojolee kila siku mfuko wa ngano na mfuko wa shayiri. Mbegu zikiota, ana mimba. Zisipoota, hana. Walidai hata kujua kama ni msichana au mvulana kwa kuangalia ipi imeota kwanza.

Unaweza kucheka. Lakini mwaka 1963 watafiti walijaribu jambo hilo kwa makini, wakaona mkojo wa wanawake wenye mimba uliotesha mbegu mara kama 70 kwa 100, na mkojo wa wanaume na wa wanawake wasio na mimba haukuotesha. Ya msichana na mvulana ndiyo yaliyokuwa uongo. Wazee wale hawakujua sababu, ila walikuwa wameangalia vizuri. Ni kama bibi zetu, wanaomwona msichana anatema mate hovyo, anatafuna udongo mweupe, anakimbia harufu ya mafuta yakichomwa, nao wanajua kabla yake. Hawakusoma, lakini waliangalia.

Baada ya hapo, miaka mingi sana, dunia haikuongeza mengi. Ulaya walikuwapo watu waliojiita mabingwa wa kusoma mkojo, wanautazama rangi ndani ya chupa na kutabiri. Hawakuwa tofauti na wale wa sokoni wanaouza dawa moja ya magonjwa arobaini.

Madaktari wawili wa Berlin

Jibu la kweli lilipatikana Berlin, Ujerumani, mwaka 1927 na 1928. Madaktari wawili, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, waligundua kwamba mwanamke mwenye mimba ana kitu kwenye mkojo ambacho wengine hawana. Ni homoni. Mimba changa inapojishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, chembe zake zinazokuja kuwa kondo zinaanza kutengeneza homoni hiyo, kama mgeni anayefika nyumbani na kusema "hodi". Homoni inaingia kwenye damu, kutoka damu inaingia kwenye mkojo. Leo inaitwa hCG.

Wakati ule hawakuwa na njia ya kuiona kwa macho. Walichukua panya wadogo wa kike, wakawachoma sindano ya mkojo wa mwanamke siku kadhaa, halafu wakawaua na kuwapasua waangalie mayai yao yameiva kabla ya wakati au la. Jibu lilichukua siku kama tano, na kila mwanamke mmoja aligharimu panya kadhaa. Wamarekani walifanya hivyo kwa sungura, kuanzia mwaka 1931.

Hapa ndipo niliposimama kusoma nikarudia. Madaktari wale wawili walikuwa Wayahudi. Mwaka 1933 chama cha Hitler kilishika serikali, na Zondek akafukuzwa kazi hospitali mwaka huohuo. Alikimbilia Stockholm, Sweden, halafu Jerusalem, akaanza upya huko. Aschheim naye alinyang'anywa nafasi yake akakimbilia Ufaransa. Watu waliomfundisha ulimwengu mzima kutambua mimba mapema walikuja kuwa wakimbizi kama mimi na wewe, wanajaza fomu, wanasubiri muhuri.

Chura mwenye kucha

Sehemu inayofuata ni ya Afrika. Mwaka 1927 mwalimu Mwingereza, Lancelot Hogben, alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Cape Town. Huko alimkuta chura wa majini wa Afrika Kusini, yule mwenye kucha kwenye miguu ya nyuma. Alikuwa anamchunguza kwa mambo mengine, akaona kwamba ukimchoma chura jike dawa iliyotoka kwenye tezi ya ng'ombe, anataga mayai. Hogben hakukaa. Hakupenda ubaguzi wa rangi wa nchi ile, akaondoka mwaka 1930 kurudi Uingereza, na vyura wake. Waliobaki Cape Town, watafiti Shapiro na Zwarenstein, walionyesha miaka ya 1933 na 1934 kwamba mkojo wa mwanamke mwenye mimba unamfanya chura huyo atage.

Ikawa kipimo rahisi kuliko cha panya. Unamchoma chura mkojo chini ya ngozi jioni, unamweka kwenye chombo cha maji, na asubuhi unaangalia. Kuna mayai? Mwanamke ana mimba. Hakuna? Bado hatujui, au hana. Na chura hafi. Anapumzishwa, kisha anatumika tena. Makumi ya maelfu ya vyura walisafirishwa kutoka Afrika Kusini kwenda Ulaya na Marekani, na kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1960.

Mmoja wa waliokieneza kipimo hicho Uingereza, aliyeandika juu yake kwenye jarida la madaktari mwaka 1938, ni Edward Elkan. Yeye ni nani? Daktari Myahudi wa Hamburg aliyekimbia Ujerumani ya Hitler. Na Hogben mwenyewe? Mwaka 1940 alikuwa Norway Wajerumani walipovamia. Alitoka kupitia Sweden, akavuka Urusi yote, Japani, hadi Marekani, ili arudi kwao Uingereza. Ukiangalia ramani, Norway na Uingereza wanatazamana baharini. Mtu wa Goma aliyewahi kuzunguka nchi mbili ili afike mtaa wa jirani anaelewa safari hiyo bila kufafanuliwa.

Na tusiseme chura ni wa mbali. Jamaa zake wa ukoo huohuo wanaishi kwenye maji ya milima yetu hii ya Virunga, upande wa Rwanda, wa Kongo na wa Uganda. Watoto wanawatupia mawe. Nimewaambia vijana wangu waache. Wale ni wakunga wastaafu.

Kutoka maabara hadi mkononi

Mwaka 1960, Sweden, watafiti Wide na Gemzell walifanikiwa kupima homoni bila mnyama yeyote, kwa kutumia kingamwili, yaani zile askari za mwili zinazotambua kitu kimoja na kukikamata. Jibu lilitoka ndani ya saa chache. Mwaka 1975, Cambridge, Uingereza, César Milstein na Georges Köhler waligundua namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu, nyingi na zinazofanana. Milstein alikuwa Mwajentina. Aliondoka nchini kwake baada ya wanajeshi kuingilia serikali na wenzake kazini kufukuzwa. Kwa uvumbuzi huo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984, na bila kingamwili za namna hiyo kile kikaratasi cha kupimia tunachokijua leo kisingekuwapo.

Lakini kipimo kilikuwa bado ni mali ya daktari. Mwanamke anapeleka mkojo, anasubiri, anaambiwa au hafikishiwi jibu. Aliyelivunja hilo hakuwa hata mtaalamu wa tiba. Margaret Crane, msichana wa miaka 26, alikuwa mchoraji wa vifungashio kwenye kampuni ya dawa Marekani. Mwaka 1967 alipita maabara akaona vichupa vimepangwa juu ya kioo. Akauliza ni nini. Wakamwambia ni vipimo vya mimba. Akawaza, mbona jambo hili ni rahisi, mwanamke anaweza kulifanya mwenyewe nyumbani? Akaenda kwake akatengeneza mfano, akitumia kijisanduku cha plastiki alichokuwa anawekea vibanio vya karatasi.

Wakubwa wake walikataa. Waliogopa madaktari watakasirika, na walisema wanawake hawataweza kulipokea jibu peke yao. Mwishowe kipimo kiliuzwa Kanada mwaka 1971, Marekani miaka sita hivi baadaye. Haki ya uvumbuzi iliandikwa jina lake, akaiuza kwa kampuni kwa dola moja, na amesema hata hiyo dola hakuipata. Mwaka 1988 kikaja kile cha hatua moja, unachovya na kusubiri dakika chache, mistari miwili ama mmoja.

Ninaporudia maneno ya wale wakubwa, kwamba mwanamke hawezi kupokea jibu peke yake, nayasikia hapa kambini pia. "Mtoto mdogo kama huyu anataka kipimo cha nini?" Miaka zaidi ya hamsini imepita.

Barabara hii hii

Kuna kipande kimoja cha historia kilichopita mbele ya mlango wetu. Mwezi wa 7 mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu laki nyingi walivuka Gisenyi kwenda Goma kwa siku chache tu. Kipindupindu kikaingia. Watu karibu elfu 50 walikufa mwezi wa kwanza. Misaada ilikuja, maji, unga, mahema, na ilikuwa lazima. Ila wakati huo, katika dharura za wakimbizi, mambo ya uzazi yalihesabiwa ni ya baadaye, kana kwamba mimba nazo zitasubiri kipindupindu kiishe.

Mwezi wa 9 mwaka huohuo nchi 179 zilikutana Cairo kujadili idadi ya watu na maendeleo, na haki ya afya ya uzazi kwa wakimbizi ikatajwa wazi. Mwaka 1995 mashirika ya Umoja wa Mataifa na mengine yakaunda kikundi cha pamoja kushughulikia jambo hilo, na mwaka 1999 kikatoka kitabu cha mwongozo kwa wafanyakazi wa kambini. Ndugu wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, orodha mnayofundishwa ya huduma za uzazi za siku za kwanza za dharura ilizaliwa miaka hiyo, na barabara inayopita hapa ni mojawapo ya sehemu zilizoifanya iwe lazima.

Rwanda yenyewe ilifanya jambo lingine ambalo nalipenda. Kuanzia mwaka 2009, wilaya ya Musanze, washauri wa afya wa vijijini walianza kutuma ujumbe wa simu mama akijulikana ana mimba, ili kituo cha afya kimfuatilie. Simu ndogo tu ya vibonyezo. Lakini angalia: ujumbe hautumwi kama hakuna anayejua. Kila kitu kinaanzia hapo.

Kwa nini kambini dalili zinatudanganya

Dalili ya kwanza inayojulikana ni kukosa siku zako. Sasa, kambini hiyo peke yake haitoshi. Njaa na hofu vinaweza kusimamisha siku za mwanamke bila mimba. Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walipofunga njia za chakula, karibu nusu ya wanawake walikosa hedhi. Kunyonyesha pia kunasimamisha, na sindano ya uzazi wa mpango. Kwa hiyo msichana aliyekimbia, aliyekonda, akiona hajapata siku zake anasema ni kawaida, hata mwaka jana ilikuwa hivyo. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine siyo.

Dalili nyingine nazo zina visingizio vyake. Kichefuchefu, wanasema ni maharage. Uchovu, ni kulala vibaya. Kizunguzungu, ni jua. Matiti kuuma na kujaa, wanasema siku ziko karibu. Kukojoa mara kwa mara, ni baridi ya Rubavu. Harufu ya chakula kukuchukiza. Damu kidogo sana, matone tu, karibu na siku ulizozitegemea, ambayo inaweza kuwa mimba inajishikiza na siyo hedhi. Kila moja ukiichukua peke yake inakuwa moshi wa volkano. Ukizikuta mbili ama tatu pamoja, kwa mtu aliyelala na mwanaume, usibahatishe. Pima.

Lini kupima

Hapa ndipo historia inapotusaidia, kwa sababu kipimo cha leo kinatafuta ile ile homoni ya Aschheim na Zondek. Homoni inaanza mimba ikishajishikiza, na hilo linachukua siku kama 6 hadi 10 baada ya yai kurutubishwa. Mwanzoni ni kidogo mno. Halafu inaongezeka karibu mara mbili kila siku mbili au tatu. Ukipima siku tatu baada ya kulala na mtu, kipimo kitasema hapana hata kama mimba ipo. Siyo kwamba ni kibovu. Umemuuliza mapema.

Kwa hiyo pima kuanzia siku ile hedhi ilipopaswa kuja ikakosekana. Kama siku zako hazieleweki, ama huzijui, hesabu siku 21 tangu ulipolala na mwanaume mara ya mwisho bila kinga, ndipo upime. Tumia mkojo wa asubuhi wa kwanza, usinywe maji mengi kabla, maana mkojo mwepesi unaficha homoni. Angalia tarehe ya kuisha kwenye pakiti, na pakiti isiwe imefunguka ama kulowa. Soma dakika zilizoandikwa. Mstari mmoja kwenye sehemu ya uthibitisho maana yake kipimo kinafanya kazi na hakijaona mimba. Mistari miwili, hata wa pili ukiwa hafifu, ni mimba. Hakuna mstari kabisa, kipimo kimeharibika, chukua kingine. Kikisema hapana na siku zako bado hazijaja, rudia baada ya wiki moja.

Ikisema ndiyo, nenda kituo cha afya usingoje tumbo lionekane. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe mara nane wakati wa mimba, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kuisha. Ni kwa sababu ya damu, ya chuma na asidi ya foliki, ya kupima virusi na kaswende, ya presha. Na kabla hujameza kidonge chochote, cha malaria, cha minyoo, sema: "Huenda nina mimba." Dawa ya minyoo aliyopewa binti yetu haitakiwi miezi mitatu ya kwanza. Dawa nyingine za malaria zinafaa, nyingine hazifai. Anayejua ni mhudumu, lakini ni lazima ajue hali yako.

Kuna dalili zisizongoja hata kesho. Ukiwa umekosa siku zako, kisha maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, ama kutoka damu, ama kuzimia, au bega linauma bila sababu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Inawezekana mimba imeshika nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo inaua haraka.

Na kwa yule aliyelazimishwa. Wako wengi kati yetu, njia ya kuja huku siyo salama. Usingoje kupima mimba kwanza. Ndani ya saa 72 kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na ndani ya siku 5 kuna za kuzuia mimba. Kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Rwanda ina vituo vya Isange, vilivyoanza mwaka 2009 hospitali ya Kacyiru, Kigali, na sasa viko hospitali za wilaya. Huduma yao ni bure. Kama siku hizo zimeshapita, nenda tu. Hujachelewa kusaidiwa.

Neno la mwisho

Kwa vijana wanaume wenzangu: dada yako, mke wako ama rafiki yako akikuambia amechoka na chakula kinamnukia, usijifanye daktari kama mimi. Na usimcheke. Msindikize.

Kwa wanaofanya kazi vituoni: ulizeni siku za mwisho ni lini, kila mara, kwa kila msichana na mwanamke wa umri wa kuzaa, mlango ukiwa umefungwa na mama mkwe akiwa nje. Swali hilo halina gharama. Na msichana akiomba kipimo, mpeni kwanza, mashauri yafuate. Akigombezwa mara moja mlangoni, wenzake kumi wanasikia na hawaji tena.

Na kwa wasichana: chukueni kalenda, daftari, hata ukuta wa hema kwa mkaa. Wekeni alama siku hedhi inapoanza, kila mwezi. Ni hesabu ndogo.

Juzi nilimsomea mama sehemu hizi. Aliponyamaza kidogo akaniuliza kama yule chura alilipwa. Nikamwambia hapana, hata yule msichana mchoraji hakulipwa. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua sombe. Kisha akasema, taratibu, kwamba mwaka ule wa 2002 zile dawa alizomeza alikuwa anazimeza kwa kunitakia mema, maana alitaka kupona ili abebe watoto wake wawili. Hakujua tulikuwa watatu.

Binti yetu ameanza tena kuja kikundini, na mtoto mgongoni. Sasa ni yeye anayewafundisha wenzake kuweka alama kwenye kalenda. Anaeleza vizuri kuliko mimi.